Sekunde Kumi na Moja za Kadi ya Dishi

Siku mliponiaga nikistaafu, mafundi wangu, kabla soda hazijaisha, mmoja wenu alifungua droo ya chini ya meza yangu akatoa kile kipande cha kijani chenye meno ya rangi ya dhahabu, akauliza kama kilitoka kwenye redio. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, kisha nikamnyang'anya, na nadhani nilimnyang'anya kwa nguvu kuliko ilivyofaa. Anisamehe. Kile si cha redio. Ni kadi ya kupokelea televisheni ya dishi ndani ya kompyuta, na miaka yangu ya maana katika kazi hii ilipita humo. Mliniomba niwaandikie mambo ya zamani. Haya, naandika, na mkifika mwisho mtajua kwa nini droo ile haifunguliwi ovyo.

Nilirudi Burundi nikiwa mtu mzima asiyejua kukaa mahali. Nilikulia kambini Tanzania, na huko ndiko nilikojifunza kuunga waya za redio kwa msumari uliopashwa moto kwenye mkaa. Lori la kurudisha wakimbizi lilinishusha Muyinga na mkoba mmoja, bisibisi tatu, na Kirundi kilichowafanya watoto wa sokoni waniite Mtanzania. Wakati ule watu walikuwa wakirudi kila wiki, na kila aliyerudi alikuwa na kitu cha kutafuta: shamba, kaburi, au jina la mtu. Mimi sikuwa na cha kutafuta. Mama yangu nilimzika kulekule kambini, na mwingine wa kuniita mwanangu hakuwepo. Labda ndiyo maana sikutulia. Wiki tatu Muyinga, wiki moja Gitega, halafu Muyinga tena. Shangazi aliyenipokea alisema nyayo zangu zimepakwa pilipili.

Kadi ya kwanza niliikuta Muyinga, kwenye shule moja iliyopewa kompyuta na wafadhili. Mkurugenzi alisikia kwamba kuna mwanamke anayetengeneza redio, akaniita. Akaniuliza, "Dada Goreti, ordinateri unazijua?" Nikasema nazijua. Ulikuwa uongo mtupu. Sikuwa nimewahi kuona tumbo la kompyuta, na nilipolifungua nilishangaa jinsi lilivyo na nafasi tele na vumbi tele. Kompyuta ilikuwa haiioni kadi. Niliichomoa, nikaona meno yake yamekuwa meusi kwa unyevu, nikaazima kifutio cha mwanafunzi nikayasugua mpaka yakang'aa. Kisha nikairudisha kwenye tundu lake jeupe nikaisukuma kwa kidole gumba, na nilisukuma nikiwa nimefumba macho, maana niliogopa kuvunja ubao mzima. Ikalia "ta". Baada ya dakika chache akatokea mtu aliyevaa kilemba akisoma hali ya hewa ya nchi za mbali kwa Kiarabu. Mkurugenzi akapiga makofi kana kwamba mvua ile inatuhusu.

Basi shikeni hili, hata kama kadi hizi zimekufa: nusu ya magonjwa ya kifaa chochote kinachochomekwa ni uchafu wa meno, na nusu ya pili ni fundi aliyeogopa kukisukuma mpaka mwisho.

Gitega ndiko nilikofundishwa kazi, na aliyenifundisha ni Papa Kashindi. Alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Uvira, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na duka lake lilikuwa na kila kitu kinachotumia umeme na vingi visivyoutumia tena. Kompyuta ya duka ilikuwa juu ya kaunta, ina kadi ya dishi, na mbele yake kulikuwa na mabenchi mawili. Watu waliotoka sokoni walikaa hapo, wakatazama, wakapumzika, na mara mojamoja wakanunua balbu. Dishi lenyewe lilikuwa uani, juu ya nguzo fupi ya saruji.

Nyinyi mmezoea madishi madogo yanayoegemea ukuta. Yale ya zamani ya bati zito, kwa setilaiti tulizozitumia, huku kwetu yalilala chali, maana setilaiti iko karibu utosini. Kwa hiyo yalijaa maji. Kazi yangu ya kwanza kwa Papa Kashindi ilikuwa kutoboa matundu chini ya madishi ya wateja ili maji yatoke. Makebuko nilikwenda kwa mteja aliyelalamika kwamba picha inakatika kila jua likiwaka. Nikakuta mkewe ameanika maharage ndani ya dishi, mazuri, yamesambazwa sawasawa. Nilipomweleza, akaniuliza kwa upole kwa nini basi tuliliita ungo.

Papa Kashindi hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alichonikemea ni kitu kimoja tu, haraka. Mkono wangu ulikuwa hautulii. Stesheni ikishika, mimi tayari natafuta nyingine. Kadi ikionyesha mstari wa ubora asilimia sabini, mimi nakwenda uani na spana kuitafutia themanini, narudi nimeipoteza yote. Siku moja alinitazama nikipita mlangoni mara ya tano akasema:

"Weye Goreti, uko na haraka ya nini? Dishi haina miguu, njo maana inaona mbali. Weye uko na miguu mbili, hauone kitu."

Nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa linangoja siku yake.

Kuna kitu kimoja ambacho kadi ile ilikuwa nacho na televisheni ya kawaida ya siku zile haikuwa nacho. Ilikuwa inaweza kurekodi. Ukibonyeza kitufe chekundu kwenye programu yake, kila kilichoshuka kutoka angani kiliandikwa kwenye diski kama kilivyo. Tuliitumia kwa mechi za mpira na harusi za wafalme. Diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila Jumatatu nilifuta vyote. Nilipenda kufuta. Diski tupu ilinipa raha, kama chumba ambacho mtu amekwisha kuhama.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Evarisite. Alikuwa mama wa Mutaho aliyeleta maparachichi Gitega, na Kiswahili chake alikiokota kwa wafanyabiashara wa sokoni. Wakati wa vita mtoto wake Evarisite, wa miaka tisa, alikimbia na mjomba wake wakavuka kwenda Tanzania, yeye akabaki nyuma na mama mkwe aliyekuwa hawezi kutembea. Baadaye alisikia kwamba mjomba alipelekwa nchi za ng'ambo pamoja na watoto. Halafu hakusikia kitu. Amani iliporudi, kila malori ya wakimbizi yalipofika alikwenda kusimama kando akitazama nyuso zinazoshuka. Na kwa kuwa kila mtu alimwita kwa jina la mtoto, kila aliyemsalimu alimkumbusha.

Jumapili moja, baada ya misa, alikuwa amekaa benchi la mbele akila muhogo. Tulikuwa tumefungulia stesheni moja ya dini inayotangaza kwa Kiswahili. Ilionyesha kwaya ya vijana waliowahi kuwa wakimbizi, wanaishi ng'ambo, wamevaa majoho ya buluu. Mama Evarisite akasimama. Muhogo ukaanguka.

"Goreti! Ile ni Evarisite. Ile ya nyuma, inapanguza uso. Mana yanje, Mungu wangu, ni yeye! Rudisha nyuma, mwananje, rudisha kidogo tu!"

Sikuwa nimebonyeza kitufe chekundu. Nani angerekodi kwaya? Nilimwambia haiwezekani kurudisha, na nilipomwambia hivyo alinishika mkono kwa nguvu hadi alama za kucha zake zikabaki kwenye ngozi yangu. Kwaya ikaisha, akaja mtu kuhubiri.

Lakini nilikuwa na daftari la vipindi, na stesheni ile ilirudia kila kipindi mara mbili, Jumatano na Jumamosi, saa tisa alasiri. Baada ya hapo waliweka kingine na cha zamani hakikuonekana tena. Nikamwambia, "Mama Evarisite, njoo Jumatano. Nitakurekodia, utamtazama mpaka uchoke." Nilisema kwa mdomo mpana kabisa.

Jumatano asubuhi akapita mtu mmoja kutoka Bukavu akasema kuna setilaiti nyingine yenye stesheni za bure zaidi ya mia. Mngekuwa mimi mngefanya nini? Najua, mngengoja. Mimi nilichukua spana. Nilijiambia nitageuza dishi kidogo, nitazame, nilirudishe kabla ya adhuhuri. Setilaiti ile mpya sikuipata, na ya zamani nayo ikanipotea. Kurudisha dishi ni kazi ya vidole: unasukuma upana wa punje ya mahindi, unakimbia ndani kutazama mstari wa ubora, unarudi. Saa saba. Saa nane. Papa Kashindi alikuwa amekwenda mjini kwa fundi wa jenereta. Saa tisa kasoro robo Mama Evarisite akaingia amevaa imvutano, ile nguo ya heshima wanawake wetu wanayoifunga begani siku ya harusi. Alikuwa amepaka mafuta usoni. Akakaa mbele ya kioo cheusi, mikono mapajani.

Alikaa saa nzima. Nilikimbia uani na ndani kama kuku aliyekatwa kichwa, na mstari wa ubora haukutikisika hata mara moja. Ilipofika saa kumi nilisimama mbele yake na spana mkononi. Nilitaka anitukane. Akainuka, akakung'uta imvutano yake, akasema, "Nitakuya samedi," yaani Jumamosi, akaondoka. Kutoka Gitega mpaka Mutaho, kwa miguu.

Papa Kashindi aliporudi nikamweleza yote. Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Mi sikutukane," akasema. "Unajua weye mwenyewe. Leta ile clé."

Nikampa spana. Akaitia mfukoni mwa koti lake, na mpaka Jumamosi alilala nayo, mkewe ndiye aliyeniambia. Jioni ileile alirudisha dishi mahali pake kwa nusu saa, bila kukimbia hata mara moja, kisha akapiga mstari wa rangi nyekundu kwenye nguzo. Mstari ule ndio mnaouona mpaka leo kwenye kila dishi tunalofunga. Hamkuwahi kuuliza ulianza wapi.

Zilibaki siku tatu, na marudio yalibaki mara moja tu. Sikuweza kukaa. Nilikagua kila kitu mpaka nikagundua ugonjwa mwingine: betri ndogo ya kompyuta, ile ya mviringo kama sarafu, ilikuwa imekufa. Umeme ukikatika, saa ya kompyuta ilirudi miaka nyuma, na kurekodi kulikopangwa kwa saa kusingeanza kamwe. Gitega nzima sikuipata betri ile. Alhamisi nikapanda gari la Muyinga, nikaenda kwa yule mkurugenzi, nikakiri kwake kwamba siku ile ya kwanza nilikuwa sijui kompyuta. Akasema, "Nilijua, Dada. Ulikuwa unatetemeka." Akanipa betri kutoka kwenye mashine yake mwenyewe. Ijumaa nilikuwa Gitega.

Jumamosi Mama Evarisite alifika saa sita, akiwa na imvutano ileile iliyofuliwa. Kwa kuwa nilitaka kumtuliza, au labda kujituliza mwenyewe, nilimpeleka uani nikamwonyesha dishi. Nikamwambia, "Picha ya mtoto itashukia humu, Mama. Inatoka juu, inaanguka katikati hapa, halafu inapita kwenye waya." Alilitazama kwa heshima. Akaliinamia, akatoa majani mawili yaliyokuwa yameangukia ndani.

Saa tisa kasoro dakika tano mvua ikaanza. Sikuwa na wasiwasi mkubwa, tuliizoea. Ubora ulishuka kutoka sabini hadi hamsini, na hamsini inatosha. Kipindi kikaanza. Nikabonyeza kitufe chekundu mwenyewe, nisiiachie saa peke yake, Papa Kashindi akasimama nyuma yangu. Mhubiri, tangazo, kisha majoho ya buluu yakajipanga. Nikaita, "Mama Evarisite, njoo, wanaanza!" Benchi lilikuwa tupu. Kabla sijageuka vizuri picha ikavunjika vipandevipande vya mraba, sauti ikakwama, na mstari wa ubora ukaanguka mpaka sifuri.

"Si mvua hii," akasema Papa Kashindi. "Mvua haiangushe vile. Kimbia! Leo kimbia!"

Nilimkuta uani. Alikuwa amesimama kwenye mvua kichwa wazi, na imvutano yake ameitandaza juu ya dishi, ameifunga kwenye ile miguu mitatu inayoshika kichwa cha kupokelea, huku akishika upindo mmoja kwa mikono miwili upepo usiupeperushe. Kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Kikapu cha zawadi kina kifuniko, mtoto wa mgongoni anafunikwa, hata pombe ya posa haipiti njiani bila kufunikwa. Mimi nilikuwa nimemwambia mtoto wake anashukia humo, na mvua ilikuwa inanyesha.

"Analowana, Goreti," akaniambia. "Mi namufunika tu."

Nguo kavu haizuii kitu. Nguo iliyolowa inazuia kila kitu. Sikuwa na muda wa kueleza, niliivuta kwa nguvu nikasikia inachanika, na maji yakanimwagikia kifuani. Nikamshika mkono tukakimbia ndani. Tulipofika kwenye kaunta kwaya ilikuwa imekwisha kuondoka, na mhubiri alikuwa amefungua kitabu chake.

Mama Evarisite alikaa chini sakafuni, akilowesha saruji. Alikuwa amekwisha kuelewa. Hakulia kwa sauti, alikuwa anajipiga paja taratibu kwa kiganja, akisema, "Ni miye. Ni miye mwenyewe." Nilitaka kumwambia ni mimi, mimi wa Jumatano na mimi wa maneno mazuri ya uani, lakini nilibaki nikiikamua imvutano yake mikononi mwangu.

Papa Kashindi ndiye aliyenikumbusha. Akagusa kompyuta kwa kidole. "Doucement, polepole. Tuone ile machine ilishika nini."

Faili lilikuwa bovu. Dakika za mwanzo zilikuwa nzima, kisha vipande vya mraba, kisha weusi mrefu wa wakati nguo ilipokuwa juu. Nililisogeza mbele polepole, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifanya kitu polepole. Baada ya weusi, pale nilipoivuta ile nguo, picha ilirudi. Kwaya ilikuwa inamalizia wimbo. Kamera ilipita safu ya nyuma, na kijana mmoja akajipangusa paji la uso kwa kifundo cha mkono, akageuza kichwa, akatabasamu na mwenzake. Sekunde kumi na moja, kisha mhubiri.

Tulimweka Mama Evarisite kwenye kiti cha Papa Kashindi. Nikamwonyesha. Akasema, "Rudisha nyuma." Safari hii niliweza kurudisha. Akatazama mara tatu, mara ya nne akaweka kidole kwenye kioo, kando ya sikio la yule kijana. Hata waliokuja kununua balbu walisogea karibu.

"Si yeye," akasema.

Nilimwambia ni miaka mingi, uso unabadilika, alikuwa mtoto na sasa ni mtu mzima. Nilisema haraka haraka kama kawaida yangu.

"Goreti, mi njo nilikuwa namunyoa kichwa. Masikio yake ninayajua. Si yeye."

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya. Nawaambia ukweli, nilitaka kulifuta faili lile palepale. Nilitaka litoke mbele yake, na mbele yangu. Kidole kilikuwa kimekwisha kufika.

Akaniwahi kifundo cha mkono, palepale alipokuwa ameacha alama za kucha Jumapili.

"Usifute. Huyu naye iko na mama yake. Iko fasi fulani, anamutafuta. Atakuya."

Akaomba kikombe cha maji, akakunja imvutano yake iliyochanika, akaenda zake Mutaho.

Baada ya hapo kazi ilibadilika, mnaijua. Vikaja visimbuzi vidogo vya bei rahisi, kompyuta mpya zikaja bila lile tundu jeupe, na kadi zikaishia kwenye maboksi. Papa Kashindi alipozeeka alirudi kwao Uvira, akaniachia spana ile aliyolala nayo. Mimi niliendelea na Muyinga yangu na Gitega yangu, na mara mojamoja Gishubi, sikukaa mahali mwaka mzima bila kubadilisha chumba. Nilifuta diski ngapi, sijui. Lakini faili lile nililihamisha kutoka diski hadi diski, na kila nilipolihamisha nililitazama mpaka mwisho, kuona kama sekunde bado zimetimia kumi na moja. Kwa mtu kama mimi, hicho ndicho kitu pekee nilichokaa nacho. Wamekuja akina mama, mmoja kutoka Makebuko, wengine kutoka mbali, walioambiwa na watu wa sokoni. Wote walisema si yeye, na wote niliona jinsi walivyoinuka kwenye kiti.

Evarisite hakurudi. Mama yake yupo bado, macho yamefifia, na mwezi uliopita nilikwenda kumwambia kwamba nimestaafu. Hakuniuliza nitaishije. Aliniuliza kama yule mtoto amepata mama yake, na nilipomwambia bado, akauliza ni nani sasa atakayemtunza.

Nikawataja nyinyi.

Diski iko kwenye droo ya chini, pamoja na kadi, na nakala ya pili iko kwenye kompyuta ya dirishani. Faili linaitwa MTOTO. Akija mama, mpeni kiti kwanza, kile chenye mgongo. Simameni nyuma yake msiseme kitu. Akiwaambia rudisha nyuma, rudisheni mara zote atakazotaka. Na akisema si yeye, mpeni maji, na msifute.